Colour au color: kuchagua tahajia ya Kiingereza na kukaa nayo

Shirika la Kazi Duniani hujiandika kwa Kiingereza "International Labour Organization". Litazame vizuri jina hilo. "Labour" ina u, kama waandikavyo Waingereza, ilhali "Organization" ina z, herufi ambayo wengi wetu tumeaminishwa tangu shuleni kwamba ni ya Wamarekani. Karani mwenye bidii akiliona hudhani ni kosa. Ataigeuza z iwe s, au ataing'oa u, na kwa vyovyote vile atakuwa ameharibu jina la watu.

Jina halina kosa. Limeandikwa kwa tahajia inayoitwa ya Oxford, ambayo ni ya Kiingereza cha Uingereza moja kwa moja, ila kiishio cha "-ize" hubaki na z kwa sababu kimetoka kwenye kiambishi cha Kigiriki chenye herufi hiyo. Umoja wa Mataifa hufuata tahajia hiyo hiyo: "programme", "centre", "labour", kisha "organization". Anayepeleka andiko Gigiri, Nairobi, yaliko makao makuu ya UNEP, shirika la mazingira la Umoja wa Mataifa, halazimiki kuchagua kati ya London na Washington.

Kwa hiyo kazi yako si kujua ipi sahihi. Zote ni sahihi. Kazi ni kuchagua moja kwa kumwangalia msomaji, kuishika hadi nukta ya mwisho, na kujua ni wapi haikuhusu kabisa.

Anza na msomaji

Kiswahili sanifu kina mzazi anayejulikana: kamati ya lugha iliyoundwa mwaka 1930 kuisanifisha lugha kwa msingi wa lahaja ya Kiunguja, na baadaye vyombo kama BAKITA, baraza la Kiswahili la Tanzania. Kiingereza hakina baraza la namna hiyo. Kina kamusi, na kina mazoea ya kila nyumba ya uchapaji. Ndiyo maana swali la kwanza ni la kiofisi kabisa: je, anayepokea ana mwongozo wake wa uandishi? Jarida la kitaaluma, shirika la wafadhili na mchapishaji karibu wote wanao, na mara nyingi uko kwenye ukurasa wa maelekezo kwa waandishi. Majarida mengi hukubali tahajia yoyote kati ya mbili, mradi usizichanganye. Ukikuta sharti hilo, tumia uliyofundishwa. Usijitie kazi ya kubadilisha kurasa arobaini bure.

Kama mwongozo haupo, angalia msomaji anakaa wapi. Serikali, mahakama, benki na shule za Kenya, Tanzania na Uganda huandika kwa njia ya Uingereza, na majina yenyewe yanaonyesha: Kenya Defence Forces kwa c, Arusha International Conference Centre kwa "-re". Taasisi za Umoja wa Ulaya nazo hufuata Uingereza, tena kwa "-ise". Marekani inajieleza yenyewe. Kanada ndiyo huwachanganya waliohamia huko, kwa sababu tahajia yake imechukua huku na huku: "colour", "centre" na "cheque" kama London, lakini "tire", "curb", "realize" na "analyze" kama Chicago. Aliyeko Toronto asijaribu kukisia. Achague Kiingereza cha Kanada kwenye kompyuta, basi.

Na pale wasomaji wako wa pande zote, kama tovuti ya kampuni ya utalii inayowauzia safari Waingereza na Wamarekani? Andika ya kwenu. Mtalii wa Texas hatavunja safari kwa sababu umeandika "grey". Atakachokishuku ni "color" kwenye aya ya kwanza na "colour" kwenye ya pili, kwa sababu hapo anaona kurasa zilizonakiliwa kutoka sehemu mbili.

Msomaji anaposoma herufi, hukusoma na wewe

Tahajia hizi zina historia ya siasa ndani yake, na historia hiyo ndiyo inayozipa harufu. Zamani mipaka haikuwapo: katika tamthilia za Shakespeare zilizochapwa mwaka 1623 utaikuta "honor" na "honour" pia. Kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 ndiyo iliyowazoesha Waingereza kushikilia u. Upande wa pili, Noah Webster alitoa kitabu chake cha tahajia cha shule mwaka 1783, mwaka uleule Uingereza ilipotia saini mkataba wa kuutambua uhuru wa Marekani, kisha kamusi za 1806 na 1828. Hoja yake ilikuwa wazi: taifa jipya liwe na lugha yake. "Color", "center" na "defense" zilishika. "Tung" badala ya "tongue", na "wimmen" badala ya "women", zilichekwa zikafa.

Mwaka 1906 Rais Theodore Roosevelt aliiagiza ofisi ya uchapaji ya serikali itumie tahajia fupi 300, zikiwemo "thru" na "tho". Bunge likamkatalia kabla mwaka haujaisha. Gazeti la Chicago Tribune lilijaribu mambo ya aina hiyo kuanzia 1934, likaacha 1975. Mabaki yake unayaona kwenye mabango: "drive-thru", "lite", "nite". Hayo ni maandishi ya biashara na mzaha pande zote mbili za bahari. Kuandika "thru" kwenye barua ya maombi ya kazi hakukufanyi Mmarekani. Kunakufanya mtu aliyetuma barua kama meseji ya simu.

Mwingereza akiiona "color" kwenye maandishi ya Mwingereza mwenzake hufikiri mawili: uzembe, au lugha yake imevamiwa. Wapo wanaolikasirikia hata "organize", na hapo wanakasirikia desturi ya kwao wenyewe. Mmarekani akiiona "colour" kwa mgeni haoni shida. Akiiona kwa Mmarekani mwenzake, huona mbwembwe. Mbwembwe hizo ndizo wanazouza wajenzi wa maduka na mitaa ya kifahari kule: "Towne Centre", "The Shoppes". Hiyo ya "shoppe" si ya Uingereza ya leo; ni ya kale, na hata Uingereza imebaki kwenye mabango ya kuvutia watalii. "Theatre" ni kesi tofauti kidogo: kumbi nyingi za maigizo za Broadway, New York, zina "-re" kwenye majina yao, na wasanii wengi wa Marekani huipenda kwa heshima yake.

Kwetu hapa, "color" kwenye maombi ya kazi serikalini haisomwi kama siasa. Husomwa kama kompyuta iliyoachiwa iamue. Kiongozi wa kamati ya usaili aliyesoma kwa vitabu vya Uingereza ataiona, na hatasema kitu. Ni jambo dogo, lakini ni dogo linalorekebishwa kwa dakika tano, kwa nini uliache?

Sehemu zinazotuponza sisi wasema Kiswahili

"Colour" na "color" hazimsumbui mtu. Tatizo liko pale ambapo Kiswahili kina neno moja na Kiingereza cha Uingereza kina mawili.

Chukua mita. Tunasema mita kumi za kitambaa, na tunasema mita ya maji imesoma vibaya. Neno ni lilelile. Mwingereza anatenganisha: urefu ni "metre", kifaa cha kupimia ni "meter". Kwa hiyo mabomba ni ya "50 metres", lakini kinachofungwa ukutani ni "water meter". "Thermometer", "barometer" na "speedometer" ni vifaa, huishia "-er" hata London. Na "parameter", "perimeter" na "diameter" nazo vilevile, ingawa si vifaa. Mmarekani huandika "meter" kwa yote. Ripoti za miradi ya maji na umeme ndizo zinazochafuka hapa zaidi, kwa kuwa maneno haya mawili hukaa kwenye sentensi moja.

Programu ni hivyo hivyo. Ya kompyuta au ya simu ni "program" kila mahali, Uingereza ikiwemo. Ya redio, ya chanjo, ya mafunzo ni "programme" kwa Mwingereza. Ukiandika "computer programme" umeipitiliza adabu.

Leseni na mazoezi zina mtego wa sarufi. Kwa Mwingereza nomino huchukua c na kitenzi s: unakata "driving licence", mamlaka ina-"license" magari, daktari ana "practice" yake, naye ana-"practise". Ukisahau, jipime kwa "advice" na "advise", ambazo sauti zake hutofautiana, kwa hiyo sikio litakukumbusha. Mmarekani hana shida hiyo: "license" kwa s zote mbili, "practice" kwa c zote mbili. Na "defence", "offence" na "pretence" za Mwingereza ni "defense", "offense" na "pretense" kwake.

Ghorofa ni "storey" Uingereza na "story" Marekani. Tairi ni "tyre" na "tire". Ukingo wa barabara ni "kerb" na "curb". Hundi ni "cheque" na "check", lakini kukagua ni "check" popote.

L mbili ndiyo sehemu watu hudhani wameielewa. Mwingereza huongeza l kabla ya kiishio: "travelling", "cancelled", "labelled", Mmarekani huiacha moja. Kutokana na hapo watu hudhani Mmarekani daima ana l chache. Sivyo. "Fulfil", "enrol", "skilful" na "instalment" ni za Mwingereza. Mmarekani ndiye mwenye "fulfill", "enroll", "skillful" na "installment". Fomu za vyuo huonyesha sana hili, maana "enrolment" na "enrollment" hukaa kichwani mwa ukurasa.

Ile u ya "-our" nayo hupotea Uingereza kwenyewe neno linaporefuka: "humour" lakini "humorous", "honour" lakini "honorary", "labour" lakini "laborious", "glamour" lakini "glamorous". Anayeandika "honourary" amejitahidi kuliko Waingereza. Na Mmarekani naye hubaki na "glamour" yenye u, sawa na "four" na "tour".

Kuhusu "-ise" na "-ize": ukichagua Uingereza, una hiari, ila chagua moja. Lakini kuna maneno ambayo hayana hiari kamwe, hata kwa Mmarekani: "advertise", "supervise", "exercise", "compromise", "revise", "surprise", "improvise". Haya si kiambishi cha Kigiriki. "-Ise" ni sehemu ya mwili wa neno. Na "analyse" ya Mwingereza hubaki na s hata katika tahajia ya Oxford. "Analyze" ni ya Marekani na Kanada.

Wanasayansi wana sheria zao. Umoja wa kimataifa wa wanakemia, IUPAC, uliamua mwaka 1990 kwamba salfa iandikwe "sulfur", na wanakemia wa Uingereza wakafuata. Umoja huohuo hutumia "aluminium", ambayo Wamarekani wengi huandika "aluminum". Madaktari wa Uingereza nao sasa huandika "fetus" bila o, kwa sababu o ile haikuwamo katika Kilatini. Kwa hiyo makala ya kemia yenye "colour" na "sulfur" pamoja haijachanganya kitu.

Weka mashine sawa kabla hujaandika

Katika Microsoft Word, bonyeza Ctrl+A kuchagua andiko zima, nenda "Review", kisha "Language", kisha "Set Proofing Language", uchague "English (United Kingdom)" au uitakayo. Hapohapo ondoa alama kwenye "Detect language automatically", la sivyo programu itakuhamisha tena bila kukuuliza. Hakikisha pia kisanduku cha kuzuia ukaguzi wa tahajia hakina alama. Katika Google Docs nenda "File", kisha "Language".

Hatua hii haitoshi, na sababu ni kubandika. Aya uliyonakili kutoka kwenye barua pepe au tovuti huja na lugha yake mgongoni. Andiko moja linaweza kuwa na vipande vya Uingereza na Marekani, kila kimoja kikikaguliwa kwa kamusi yake, na mstari mwekundu usitokee popote. Bofya ndani ya aya unayoishuku, utazame upau wa chini wa Word: umeandikwa lugha ya pale ulipobofya. Dawa ni kurudia Ctrl+A na kuweka lugha upya mwishoni, baada ya kubandika kila kitu. Tanbihi, vijajuu na visanduku vya maandishi huwa havichaguliwi pamoja na matini. Viingie kimoja kimoja.

Jambo la pili: kamusi ya Uingereza ya Word hukubali "organise" na "organize" zote. Haitakuonya ukichanganya. Hapo ni macho yako tu.

Kubadilisha andiko lililokwisha andikwa

Wengi hufungua "Replace", wakaandika "ize" juu na "ise" chini, wakabonyeza "Replace All". Matokeo yake ni "sise" badala ya "size", "prise" badala ya "prize", "seise" badala ya "seize". "Meter" kwenda "metre" inazaa "parametre" na "diametre". "Program" kwenda "programme" inakuzalia "programmemer" na "programmeming". "Center" kwenda "centre" inaifanya "centered" kuwa "centreed". Na "color" ikigeuzwa "colour" bila kuangalia, jimbo la Colorado linakuwa Colourado.

Njia salama ni polepole kidogo. Weka alama kwenye "Find whole words only", tafuta neno zima, na ubadilishe moja baada ya jingine kwa "Replace" ya kawaida. Fanya kwa mpangilio: kwanza familia ya "-our", kisha "-re", kisha "-ise", kisha c na s, mwisho l mbili. Neno lenye wingi au kiishio litafutwe kivyake: "center", "centers", "centered". Ripoti ya kurasa thelathini huisha ndani ya saa moja, na hakuna mtu atakayekuuliza "programmemer" ni nani.

Kuna mahali ambapo hupaswi kugusa hata kama macho yanawasha:

Majina. Taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa ni "Centers for Disease Control and Prevention", ya Umoja wa Afrika ni "Africa Centres for Disease Control and Prevention". Andiko la mradi wa afya likizitaja zote mbili lazima liwe na tahajia mbili, na ni sawa. "Pearl Harbor" haina u hata ikiandikwa London. Chama cha Uingereza ni Labour, cha Australia ni Labor, ingawa Waaustralia huandika "labour" wanapozungumzia kazi. Chombo cha anga Endeavour kiliitwa kwa jina la merikebu ya baharia Mwingereza James Cook, kwa hiyo kilibaki na u. Mwaka 2007 NASA yenyewe ilitundika bango la kukitakia heri likiwa halina u, ikabidi lishushwe.

Nukuu na vichwa vya vitabu kwenye orodha ya marejeo. Ulichonukuu kinabaki kama kilivyochapwa. Mhariri anayesawazisha orodha ya marejeo anamfanya msomaji asiipate makala akiitafuta.

Anwani za tovuti, majina ya mafaili na misimbo ya kompyuta. Lugha ya CSS, inayopanga sura ya kurasa za tovuti, inaijua "color" na "center" tu. Ukiandika "colour" kivinjari kitaupuuza mstari huo na maandishi yatabaki na rangi yaliyokuwa nayo. Cha ajabu, kwa rangi ya kijivu inakubali "gray" na "grey" zote.

Vinavyosafiri pamoja na tahajia

Ukihamia Marekani, tarehe nayo ihame. 05/06/2025 ni tarehe 5 Juni kwa Mwingereza na kwetu, na ni tarehe 6 Mei kwa Mmarekani. Hapa kosa si la sura. Mtu anakosa usaili. Andika mwezi kwa jina, shida iishe. Mmarekani huweka nukta baada ya "Mr." na "Dr.", Waingereza wengi huiacha. Alama za kunukuu kwa Mmarekani ni mbili-mbili, na nukta huingia ndani ya alama hizo hata isipokuwa sehemu ya nukuu.

Kabla ya kutuma, tafuta maneno haya moja moja katika andiko lako, maana ndiyo hufichua mchanganyiko haraka: "color", "labor", "center", "program", "organiz", "analyz", "defense", "license", "travel", "fulfil", "enrol", "gray". Kila moja likikupeleka penye tahajia isiyo yako, jiulize kama ni jina au nukuu. Kama siyo, rekebisha. Na ukikutana na "judgment" bila e ya katikati kwenye hati ya mahakama ya Uingereza, usiiongezee. Majaji wa huko huandika hivyo wanapomaanisha hukumu.